Taa Iliyomwakia Mayu Kabula

Nyie vijana mtakaosoma maneno haya, wekeni simu pembeni kwanza. Mimi nimeishia darasa la nne na mwandiko wangu unakwenda polepole kama ng'ombe mzee, kwa hiyo na nyie someni polepole. Sitawaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa na mifugo mingapi. Nataka kuwaeleza mwaka mmoja tu, na sababu ni lile kopo. Mwezi uliopita tumemzika shemeji yangu Sitta, babu yenu mkubwa. Matanga yalipoisha mkaingia kusafisha banda lake la lori, mkakuta kopo la mafuta ya kupikia limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ndani yake kidude cha plastiki kilichogeuka njano, kina nyaya tatu zinaning'inia. Mkacheka. Mkasema, "Bibi, kumbe babu Sitta alikuwa na taa ya kujiwasha kabla sisi hatujazaliwa! Alikuwa mjanja huyu!" Mimi nikatoka nje. Mlidhani namlilia Sitta. Nilikuwa namlilia mwingine, na miaka yote hii sikuwahi kumlilia sawasawa.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua pamba. Zamani pamba ilikwenda chama cha msingi basi, unapanga foleni na unasubiri. Mara wakaja watu na mizani zao na malori yao, kila mmoja anakuita mama, anakuita dada, leta kwangu. Sitta alikuwa na akili ya kukimbia. Akapata lori bovu, akalitengeneza, akawa anasomba pamba kutoka Nkololo na Lalago, na kabla mwaka haujageuka akajenga banda la mabati la kulilaza, hapa hapa uwanjani, katikati ya jiko langu na zizi la ng'ombe. Sebuleni kwake akaweka makochi yenye nailoni ambayo ukikaa yanakushika mapaja. Akanunua jenereta. Halafu akarudi kutoka Mwanza na boksi lenye picha ya nyumba nzuri na mwanamke wa Kizungu anashuka kwenye gari huku anacheka, na juu ya mlango taa inawaka. Sitta akatuambia, "Hili ni jicho. Mtu akipita, linamwona, linawasha taa lenyewe. Mwizi hana pa kujificha." Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikamuuliza, "Na asiye mwizi?" Akacheka, akasema, "Shemeji, na wewe litakuona."

Mtu aliyelifunga alikuwa fundi Malimi, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale mjini Bariadi. Alikuja na bisibisi moja na praizi yenye mpini uliofungwa kitambaa, akamaliza haraka, akala michembe ya viazi vitamu na karanga, akaondoka. Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Jioni jenereta likiwashwa, watu wanakuja kupita mbele ya banda waone taa inawaka, wanapiga makofi. Lakini mbuzi nao walikuwa wanapita, na kuku, na mbwa wa jirani, na taa inawaka kila saa, balbu zinaungua. Sitta akachoka. Akamwita Malimi, akamwambia, "Lipunguze nguvu, lisione vitu vya ovyo." Malimi akapanda ngazi, akazungusha kitufe kidogo, akashuka. Tangu siku hiyo jicho likawa kama limelala. Wageni wa Sitta wanasimama mbele yake wanapunga mikono, hakuna kitu. Sitta mwenyewe anapita, hakuna kitu. Ikawa taa inamwakia mtu mmoja tu.

Mama mkwe wangu, Mayu Kabula, mayu kwetu ni mama, ndiye aliyekuwa anawasha moto wa zizini kila jioni. Mnaujua moto ule, wa mavi makavu ya ng'ombe, unafuka moshi nzi wakimbie mifugo ipumzike. Viberiti alikuwa havitaki. Alisema moto unaombwa, hauchokonolewi kwenye boksi. Basi kila jioni, jua likishazama, anakuja jikoni kwangu na kigae cha chungu kilichovunjika. Ananisalimu salamu yetu ya jioni, "Mwadila, Minza." "Mwadila, mayu." Namtilia makaa matatu manne, anakibeba kigae kwa majani ya mbono asiungue, anakatiza mbele ya banda la lori kwenda zizini. Na akikatiza tu, taa inawaka. Anasimama pale katikati ya mwanga na macho yake mekundu, mekundu kwa moshi wa miaka yote ile aliyoinama juu ya mavi ya ng'ombe, anaitazama taa, anaguna, anaendelea na njia yake. Mwanzoni tulicheka. Sitta alisema, "Mama, taa imekupenda wewe."

Sijui siku gani kicheko kiligeuka. Nadhani ilikuwa baada ya ndama wa jirani yetu Ng'wandu kufa akiwa na afya yake. Halafu mtoto wa Ng'wandu akashikwa na degedege. Halafu Sitta, alipokuwa anabadilisha balbu iliyoungua, umeme ukampiga akaanguka kutoka kwenye ngazi, na taa ilikuwa haijawaka, kwa hiyo kila mtu akajiuliza umeme umetoka wapi. Mimi nilisikia kwa masikio yangu kisimani. Walikuwa wanawake watatu upande wa pili wa kichaka, hawakuniona. Mmoja anasema, "Mitambo ya Wazungu haidanganyi. Sisi tunapita, haituoni. Yule anapita, inapiga kelele." Mwingine anasema, "Haipigi kelele, inawaka." "Ni kelele hiyo hiyo. Na macho yake umeyaona?" Wa tatu alikuwa mke wa Ng'wandu, ambaye Mayu Kabula ndiye aliyemzalisha watoto wake wote. Nilisubiri aseme. Nilisimama na ndoo kichwani mpaka shingo ikauma, nikisubiri neno moja, hakulisema.

Nyie mmezaliwa mnasikia mambo haya ya kuua vikongwe wenye macho mekundu, eti ni wachawi, kwenye redio, kwamba ni mabaya, kwamba serikali imekataza. Hata sisi tulikuwa tunajua ni mabaya. Lakini tulishamzika mama mmoja wa kitongoji cha pili, mwaka uliotangulia, na alivyokutwa sitaandika. Na waliomzika ndio hao hao waliokuwa sasa wanamsema Mayu. Kwa hiyo siku Sitta aliponiita sebuleni kwake na kunionyesha karatasi iliyopenyezwa chini ya mlango, nilijua ni nini kabla hajaisoma. Ilikuwa mistari miwili. Mama yako aondoke kabla ya mnada ujao. Akikutwa, msitulaumu. Mume wangu alikuwa ameshapeleka ng'ombe mbali kutafuta malisho, asingerudi mpaka mvua. Nyumbani tulibaki Sitta na mimi na Mayu. Nikamwambia, "Shemeji, toka hapo nje uwaambie huyu ni mama yako." Akachezea nailoni ya kochi kwa kucha. Halafu akasema, "Minza, na wewe si umeona? Mimi niliyeinunua inanikataa. Yeye inamwakia." Nikasema, "Ni mama yako." Akasema, "Najua ni mama yangu. Mimi nimesema kitu?" Hicho ndicho kilichonikata maini. Hakusema kitu.

Siku zilizofuata sikuwa nakula. Napika, nagawa, nakaa natazama. Mayu alijua. Hakuna aliyemwambia, lakini mtu mzima anajua akiacha kusalimiwa. Alikuwa ananiambia, "Minza, kula, wewe unanyonyesha," kana kwamba mwenye taabu ni mimi. Kichwa changu kilikuwa kinazunguka: nimpeleke wapi, kwa usafiri gani, na tukitoka naye njiani tukakutana na hao wenye karatasi? Nikimficha chumbani kwangu, mlango ule wa mabati unamzuia nani? Nilifikiri hata kulivunja jicho kwa jiwe. Lakini wangesema tumelivunja kwa sababu limesema kweli.

Jioni moja Mayu hakuamka kitandani. Alisema kichwa kinamuuma. Ng'ombe wachache tuliobaki nao walikuwa wanapiga mateke kwa nzi, kwa hiyo nikatia makaa kwenye kigae mwenyewe, nikafunga majani, nikakatiza. Taa ikawaka. Nilisimama kama nimemwagiwa maji. Nawaambia ukweli, kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba na mimi nimo. Kwamba amenirithisha bila kuniambia. Nikatazama huku na huku kama kuna aliyeniona. Taa ikazima. Kigae kikainama, kaa moja likadondoka, nikaweka kigae chini nichukue kijiti cha kuliokotea. Nikarudi jikoni bila kigae, nikapita pale pale, taa haikuwaka. Nikarudi tena kukichukua, mikono mitupu: haikuwaka. Nikakiinua kigae, nikapiga hatua mbili. Ikawaka. Nikakiweka chini. Nikasubiri izime. Nikapita mtupu. Giza. Nikakiinua. Ikawaka. Nilifanya hivyo mara sijui ngapi, kama mwendawazimu, mpaka majani yakaungua na mimi nikaungua kiganja, kovu hili mnaloliona mkadhani ni la kikaango. Jicho lilikuwa halimwoni Mayu. Lilikuwa linaona makaa.

Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye kibanda cha Malimi kabla hajafungua. Nikamwamkia, "Mwangaluka, fundi." "Mwangaluka, mama. Nasikia taa yenu imekamata mchawi." Nilimshika kola. Mimi, mwanamke niliyefunga mtoto mgongoni, nilimshika kola mwanaume mbele ya watu. Nikamwambia, "Hilo jicho linaona nini? Sema." Akasema, "Niachie, mama, nitasema. Linaona joto linalotembea. Mwili wa mtu una joto." Nikasema, "Na mwili wa Sitta ni baridi?" Akajikuna. Akanieleza kwamba kwetu jua likizama hewa bado ina joto karibu sawa na la mtu, na mabati ya banda nayo bado ya moto, sasa ukishalipunguza nguvu jicho halitofautishi mtu na ukuta. Tena anayetoka getini anakuja akilitazama uso kwa uso, na jicho linamwona vizuri zaidi anayekatiza ubavuni. Mayu alikuwa anakatiza, na mkononi ana makaa. Nikamuuliza, "Ulikuwa unalijua hili?" Akasema, "Kwenye karatasi yake liliandikwa." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akatazama chini. "Mama, nilisikia maneno yameshakuwa makubwa. Niliogopa."

Basi nikamwambia utakuja, na utakuja leo, na mnada ni kesho. Akaja. Sitta hakuwepo, alikuwa amepeleka mzigo. Malimi alipanda ngazi na mimi nikasimama chini yake na macho yangu. Kwanza nilimfanya aende mwenyewe kwenye jenereta akalizime, achomoe na waya, halafu apime kwa testa kama umeme umekatika kweli. Alitaka kuruka hilo, akasema, "Nimezoea." Nikasema, "Sitta naye alikuwa amezoea, akaanguka." Alipofungua kile kifuniko nilitaka kulia kwa hasira. Nyaya alizisokota kwa vidole, zimekaa uchi, halafu kazifunga na kipande cha mfuko wa nailoni, na nailoni imeyeyuka, na ubao nyuma yake umeungua mweusi kama sufuria. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Na hapa nilikosea. Jicho linatakiwa kukata waya wa moto, ule unaoleta umeme, ndipo uende kwenye taa. Mimi nimekatisha ule mwingine, nyutro, unaourudisha. Kwa hiyo hata taa ikizima, moto umebaki kwenye holda ya balbu." Hiyo ndiyo iliyompiga Sitta. Siyo Mayu. Vidole vya Malimi.

Akaanza upya, na siku ile nilijifunza kazi ambayo sikuwahi kufundishwa darasani. Waya wa kahawia unaleta moto, unaingia kwenye jicho. Wa bluu ni nyutro, unakwenda kwenye jicho na kwenye taa, haukatwi. Mwekundu unatoka kwenye jicho kupeleka moto kwenye taa. Kila kiungo kikaingia kwenye konekta, kikakazwa kwa bisibisi, nikawa navuta mwenyewe kuona kama kinachomoka. Kilichochomoka alirudia. Nyaya akazipitisha ndani ya bomba la plastiki, akalibana ukutani kwa klipu, lisiguse ncha za mabati zenye makali. Chuma cha ethi, cha kushusha umeme uliopotea njia, akakipigilia ardhini, nikakimwagia maji. Jicho akalihamisha kutoka ukuta wa mabati uliokuwa unapata jua la jioni, akaliweka kwenye nguzo ya mti, likatazama njia yote. Akalirudishia nguvu. Halafu akanionyesha kitufe cha pili, upande mmoja pamechorwa mwezi, mwingine jua. Akasema, "Ukigeuzia jua, linafanya kazi hata mchana." Nikamwambia, "Geuzia jua."

Sitta alirudi asubuhi ya siku ya mnada. Nilimwambia awashe jenereta. Akasema, "Mchana huu? Wa nini?" Nikamwambia awashe, na kama hawashi nitapiga yowe la msiba, watu waje wamkute amekaa na mama yake mzima ndani. Akawasha. Nikapiga yowe hata hivyo. Watu wakaja, wengine walikuwa njiani kwenda mnadani, wengine nadhani walikuwa wanakuja kwa lile lao, maana walikuwa na fimbo na hawakuwa na mifugo. Ng'wandu alikuwa mbele. Nikamtoa Mayu nje, nikamkalisha kwenye kigoda mahali wote wanamwona. Nikasema, "Mnasema taa hii inajua mchawi. Haya. Piteni." Hakuna aliyepita. Mnasikia? Uwanja mzima wa watu wazima, midomo yote ile ya kisimani, hakuna mguu uliosogea. Kila mmoja aliogopa itamwakia yeye.

Nikapita mimi, mtoto mgongoni. Taa ikawaka mchana kweupe. Watu wakaguna, "Na yeye!" Nikaona fimbo zinabadilishwa mikono. Nikawaza, Minza, umejiua na umemuua na mtoto. Malimi akapita, ikawaka, mtu akapiga kelele, "Wewe ndiye uliyeitega!" Hapo nikamgeukia Sitta. Alikuwa amesimama kando ya jenereta, mkono juu ya tangi. Mayu naye akamtazama. Akamwita jina lake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwita aje kula. "Sitta. Pita, baba." Sitta akatazama taa. Akatazama watu. Hakusogea. Nilihesabu pumzi zangu na hakusogea.

Aliyesogea ni mke wa Ng'wandu. Alimvuta mtoto wake, yule wa degedege, akamkumbatia, akapita huku amefumba macho. Ikawaka. Halafu bibi mmoja aliyekuwa anapeleka mbuzi mnadani akasema, "Ah, nimechelewa mimi," akaswaga mbuzi wake, akapita nao. Ikawaka. Mbuzi mmoja akasimama chini ya taa akatoa kinyesi, na mtu fulani huko nyuma akasema, "Huyo ndiye mchawi mkubwa, mkamateni!" Wakacheka. Kicheko kile kilikuwa kibaya kama kilio, lakini kilifungua miguu. Wakaanza kupita, mmoja mmoja, halafu wengi, wanasukumana. Ng'wandu akapita wa mwisho, taa ikamwakia kama wengine, akaguna, "Kumbe ni ya kila mtu." Mkewe akamjibu mbele ya wote, "Ni ya kila mtu, na ndama wako alikula majani yenye dawa ya pamba, nilikuambia." Wakaenda mnadani.

Sitta peke yake hakupita. Alizima jenereta, akaingia ndani.

Mimi nilidhani tumeshinda. Jioni nilipika wali, wali wa bure tu, siyo sikukuu, na maziwa ya mgando. Mayu alikula kidogo. Akaniambia, "Minza, umenitoa mdomoni mwa fisi. Lakini kesho nisindikize Mwamapalala, kwa kaka yangu." Nikamwambia watu wote wamepita, hakuna tena neno. Akasema, "Wa nje wamepita. Niliyemzaa hajapita." Nikamfungia nguo zake kwenye kanga. Tuliondoka alfajiri. Aliishi huko miaka kadhaa, akafa kwa ugonjwa wake, kitandani, amefunikwa shuka. Hapa hakurudi hata siku moja. Sitta alikwenda kumzika, akakaa nyuma ya watu. Jicho alilishusha siku ile ile tuliyoondoka, na sikujua amelipeleka wapi mpaka nyie mlipofungua kopo. Alilitunza miaka yote hiyo. Wala hatukuwahi kulizungumzia, mimi na yeye, na tulikula chungu kimoja mpaka uzee.

Sasa mmeniambia mnataka kufunga taa kama ile kwenye banda hilo hilo, kwa sababu ya pikipiki zenu. Mmeniambia siku hizi ni rahisi, mtaangalia kwenye simu. Na mimi sasa ni bibi, napikia kuni, macho yangu mnayaona yalivyo. Basi nilichowaamuru juzi mbele ya mama zenu na baba zenu nakiandika hapa, asije mtu akasema hakusikia. Fungeni. Umeme muuzime kwenye meni swichi, ile kubwa, na mpime kwa testa kabla ya kugusa. Jicho likate waya wa moto. Kila kiungo kiingie kwenye konekta, na nitakuja kukivuta kwa mkono wangu. Mkimaliza, geuzieni jua, fungueni geti, waiteni majirani. Na kabla sijaguswa na mwanga wa taa hiyo, watangulie kupita wote niliowazaa, mmoja mmoja, majirani wakitazama. Halafu mniletee kigae cha makaa, nipite mimi.